Kutu ya Usukani Katika Maji Baridi

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbinga)



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja wa ghala aliuliza swali, nalo likaahirishwa kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha. Aliuliza: Je, chuma cha mashua katika Ziwa Nyasa chaweza kuliwa na kutu kama kile cha vyombo vya baharini, au hayo ni maneno ya mafundi wanaojitafutia kazi? Halmashauri ya Chama imeniagiza nilijibu leo. Nimelipokea agizo hilo kwa furaha, maana ingawa twakaa huku juu milimani penye baridi na kahawa, kalamu zetu hufika ufukweni. Tangu Wilaya ya Nyasa ilipotengwa na Mbinga mwaka 2012 makao yake ni Mbamba Bay. Walakini ni ndugu zetu wangapi ambao kila mwaka hupandishwa na kushushwa kwa uhamisho kati ya mlima na ziwa! Karani aandikaye leo hati za mbolea, mwakani huenda akawekewa mezani daftari la mashua.

Jibu fupi ni kwamba maji ya ziwa hula chuma. Huyala polepole kuliko maji ya chumvi, na upole huo ndio unaotulaza usingizi. Mtu wa Kilwa au wa Lamu akiona doa jekundu hushtuka, kwa kuwa anajua bahari haina subira. Mtu wa ziwani huliona doa lile lile akasema, litangoja.

Sitaki kunena juu ya chombo kizima, kwa kuwa muda hautatosha. Nitanena juu ya usukani wa mashua ya matanga, na sababu yangu ni hii: tanga likipasuka hushonwa, na ubao ukivuja huzibwa kwa matambara wakati watu wakikumba maji, lakini usukani ukitoka mahali pake wakati wa mwera, nahodha hana tena chombo. Ninyi mliokaa Liuli au Lituhi mwaujua mwera. Ni upepo wa kusini uvumao kwa nguvu zaidi kati ya mwezi wa Mei na wa Agosti, nao huwa umelipitia ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilometa 500, likiwa kama ujia katikati ya milima, hata mawimbi yakifika kwetu yamekwisha kuwa makubwa. Mashua isiyoongozwa huwekwa ubavu na mawimbi hayo, na yaliyobaki hayahitaji kuelezwa.

Kwanza tupatane juu ya majina. Mtumbwi wa mvuvi hauna usukani. Yule aliyekaa nyuma na kasia ndiye usukani wenyewe, wala hana chuma cha kushika kutu. Mashua ya matanga ina ubao au bamba lililoning'inizwa nyuma, kwenye tezi, na huo ndio usukani, ambao wengine huuita shikio. Mti wa kuugeuzia, ulio mkononi mwa nahodha, huitwa kana. Usukani hushikamana na chombo kwa bawaba, ambazo watu wa pwani huziita rumada: upande wa chombo zimefungwa pete za chuma, na upande wa usukani zimefungwa pini nene, na kila pini huingia katika pete yake. Ni mlango tu, mabwana. Tofauti yake na mlango wa ofisi ni kwamba huu hufunguliwa na kufungwa mchana kutwa, na bawaba zake za chini zimo majini ambamo hakuna azionaye.

Vyombo vya chuma si vigeni katika ziwa letu. Stima Ilala ililetwa na wamisionari Waskoti mwaka 1875, ikiwa imefunguliwa vipande na kuchukuliwa na wapagazi kuyapita maporomoko ya Mto Shire, kisha ikaungwa tena. Baadaye zikaja Charles Janson mwaka 1885, Hermann von Wissmann ya Wajerumani mwaka 1893, na Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow na kushushwa majini huku mwaka 1901. Hii ya mwisho ilipewa jina la yule askofu aliyekufa maji katika ziwa hili hili mwaka 1895, mashua yake ya matanga ilipopinduka katika dhoruba. Meli hiyo ilipotimiza miaka mia, mwaka 2001, ilikuwa ingali ikielea. Naitaja kwa kuwa haki lazima itendeke hata kwa maji: ganda la chuma lililotunzwa laweza kudumu katika Ziwa Nyasa miaka ambayo bahari isingeliruhusu kamwe. Lakini ganda ni bamba pana, lapigwa rangi, laonekana. Pini ya usukani imo ndani ya pete.

Tena, kazi ya kutazama sehemu za chini si nyepesi wala haiko salama wakati wote. Hermann von Wissmann ndiyo mfano unaojulikana zaidi pwani ya Ruvuma. Mwezi wa Agosti 1914 ilikuwa imevutwa juu ya gati la matengenezo pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhaven kwa ajili ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Kamanda Rhoades wa Guendolen akatokea akaipiga kwa mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi, inasemekana alimwendea katika kimashua kidogo kwa hasira, akimwuliza kama amelewa, maana habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Akachukuliwa mateka. Wengi huisimulia hadithi hiyo kwa kucheka. Mimi huiona kwa jicho la ghala: chombo kilichotolewa majini hakiwezi kukimbia, hakichukui abiria, hakileti fedha, na kila mkubwa huuliza kitarudi lini. Ndiyo sababu katika kila ziwa na kila zama kazi ya chini ya maji huahirishwa.

Sasa kutu yenyewe ni nini? Chuma hupenda kurudi katika hali ya udongo kilimotolewa. Kikipata maji na hewa pamoja, huungana na oksijeni, na kitu kizaliwacho ni ule unga mwekundu. Kikosekana kimoja kati ya viwili hivyo, kazi karibu husimama. Kwa hiyo chuma kilicho kikavu kabisa hakishiki kutu, na chuma kilichozama katika maji yasiyo na hewa hukawia sana. Mahali pabaya ni pale maji na hewa vinapokutana na kuachana, yaani mstari wa maji, ambapo wimbi hulowesha na jua hukausha mara elfu kwa siku. Chumvi huongeza mwendo kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na kutu, nataka mlikumbuke neno hili, ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya chuma mpaka sehemu nyingine. Maji baridi hupitisha kidogo, ila hayakatazi.

Makarani hawahitaji kwenda ziwani kuthibitisha. Fungueni jalada lolote la zamani ambalo karatasi zake zimeshikwa kwa pini. Kichwa cha pini kilichokaa nje mara nyingi bado chang'aa. Ichomoeni pini, mtaona ile sehemu iliyofichwa kati ya karatasi imekuwa nyekundu, na karatasi imeungua pale kama iliyochomwa kwa sigara. Unyevu uliingia ukakaa, wala haukupata njia ya kutoka.

Katika bawaba ya usukani neno hilo hilo hutokea, tena kwa ukali zaidi. Maji yaliyobanwa kati ya pini na pete hayabadiliki. Hewa yake huisha upesi, hali maji ya nje yana hewa tele. Mtu angedhani kwamba pasipo hewa chuma kitapona. Sivyo. Sehemu mbili za chuma kimoja zikiwa na hewa isiyo sawa, ule umeme mdogo huanza kutembea kati yake, na sehemu iliyonyimwa hewa ndiyo inayoliwa ili ile yenye hewa ipone. Basi pini huoza kiunoni, huku kichwa chake na ncha yake vikiwa vizima.

Nimepata kuiona pini ya namna hiyo. Kituo kimoja, nisichokitaja, kilikuwa na mashua ya matanga yenye usukani wa mninga na bawaba za chuma. Ilikuwa ikirudi Mbamba Bay na watu saba, miongoni mwao muuguzi na masanduku ya dawa, mwera ukaanza kabla ya adhuhuri, na kana ikawa nyepesi ghafla mkononi mwa nahodha. Usukani ulikuwa umeachana na bawaba ya chini, wabembea kwa ile ya juu. Nahodha akashusha tanga, akawaweka watu wanne chini sakafuni ili chombo kitulie, akafunga kasia refu kwenye tezi kwa kamba ya nanga, akaongoza kwa kasia kama babu zake walivyoongoza. Walifika usiku, wote wazima. Nilipoitwa kuandika orodha ya vitu vilivyoharibika nikaonyeshwa pini ile. Juu ilikuwa na unene wa kidole gumba, na chini vivyo hivyo, na rangi nyeusi nzuri. Katikati ilikuwa nyembamba kuliko kalamu ya risasi. Nikaomba daftari la matengenezo. Miaka mitatu mfululizo yaliandikwa maneno yale yale, kwa mwandiko wa kupendeza: Usukani umepakwa rangi.

Na ulikuwa umepakwa kweli, hakuna aliyesema uongo. Fundi alipitisha brashi kila mahali ambapo brashi ilifika.

Naomba ruhusa nieleze sababu ya pili ya uharibifu, ambayo ni kuchanganya madini. Mwaka 1761 Waingereza waliivika manuwari moja iitwayo Alarm mabamba ya shaba sehemu ya chini, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Mwaka 1763 walipoitazama baada ya safari ya nchi za joto waliona shaba ni njema, walakini misumari ya chuma iliyoishika imeliwa, na mahali pengine mabamba yamebanduka. Hata hivyo misumari mingine ilikuwa mizima. Walipochunguza wakakuta kwamba chini ya vichwa vya ile mizima kulikuwa na karatasi ya kahawia, ambayo shaba ilifungiwa kiwandani na ambayo fundi fulani hakuitoa yote. Karatasi ilitenga chuma na shaba. Nadhani sisi makarani twaweza kujivunia kidogo kwamba karatasi iliyosahauliwa iliokoa kitu.

Maana yake ni kwamba madini mawili yakigusana ndani ya maji, moja hujitoa ili lingine lipone, na chuma mbele ya shaba hujitoa siku zote. Basi bolti ndogo ya chuma ikifungwa katika pete kubwa ya shaba au ya shaba nyeupe, hufa upesi, kwa kuwa kidogo chalipa deni la kikubwa. Nasema haya kwa sababu madukani bolti hununuliwa kwa kutazama kipimo na bei, wala hati ya kuagizia haina mahali pa kuandika madini yake. Katika maji baridi uharibifu huu huenda polepole na hukaa karibu na mahali pa kugusana. Lakini bolti ya usukani yote iko karibu na mahali pa kugusana.

Sir Humphry Davy aliigeuza kanuni hiyo kuwa dawa mwaka 1824: alifunga kwenye shaba vipande vya zinki au chuma vijitoe badala yake. Shaba ikapona, na kwa kuwa haikuyeyuka tena kidogo kidogo, magugu na kombe wakaota juu yake kwa wingi hata manuwari zikawa nzito. Mabaharia hawakumshukuru. Siku hizi dawa hiyo hutumika juu ya chuma duniani pote. Jambo la kuangalia kwetu ni hili: vipande vya zinki vinavyouzwa Dar es Salaam vimekusudiwa maji ya chumvi. Katika maji baridi zinki hujivika utando, ikalala bila kufanya kazi, na mwenye mashua hufurahi kuona haipungui. Kisichopungua hakilindi. Kwa ziwa yafaa magnesiamu. Na kipande chochote cha namna hii kisipakwe rangi kamwe. Nimekiona kilichopakwa mara mbili.

Sasa matengenezo. Nitasema kwa urefu juu ya kuutoa usukani, maana ukiisha kutolewa yaliyobaki ni jasho tu. Chagueni asubuhi yenye utulivu, mahali pa mchanga, maji yafike magotini. Kabla ya kulegeza chochote, ufungeni usukani kwa kamba na kamba ifungwe katika chombo: ufukwe wetu mahali pengi hushuka ghafla, na ziwa lina vina vya kufikia mita mia saba. Watu wawili hutosha, mmoja akiinua na mmoja akipokea. Kama pini haitaki kutoka, msiipige kwa nyundo kwa hasira. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, nayo ndiyo iliyoibana. Tieni mafuta mepesi, ngojeni hata kesho yake.

Ukiwa nchi kavu, kwangueni mpaka chuma cheupe kionekane, kwa brashi ya waya kwanza, kisha tupa na msasa katika vishimo. Tazameni kiuno cha pini kwa kukipima kwa uzi: zungusheni uzi juu, zungusheni katikati, linganisheni. Karani aweza kufanya kazi hiyo pasipo kuwa fundi. Pini iliyopungua kwa dhahiri isirudishwe. Chunguzeni pia mbao zinazozunguka bolti, maana chuma kiozacho huidhoofisha mbao iliyokishika, ikawa nyeusi na laini kama mhogo uliolowekwa. Kisha osheni, kausheni juani, na rangi ya kwanza ipakwe siku iyo hiyo kabla umande haujashuka. Chuma kilichokwanguliwa na kulala uchi usiku mmoja kando ya ziwa asubuhi kina kutu mpya, ingawa jicho halijaiona. Zamani rangi ya kwanza ilikuwa ya risasi nyekundu. Ililinda vizuri, ila ni sumu, na ikiwa mashua yenu ni ya kale, ikwangueni ikiwa imeloweshwa, pua na mdomo vikiwa vimefungwa, wala watoto wasisogee. Sasa ziko rangi zenye unga wa zinki, na za epoksi, zipakwe mara kadhaa kama kopo linavyosema.

Ndani ya pete rangi haidumu, kwa sababu pini huisugua. Hapo weka grisi nzito. Kwa habari ya nguvu ya grisi sina ushahidi bora kuliko ule wa Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani, wakiwa karibu kuiacha Kigoma, waliizamisha stima yao Goetzen kwa mikono yao wenyewe. Kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi tele. Ilikaa chini ya maji miaka mingi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, ikiwa na injini zile zile. Sisi twaambiwa hakuna fedha ya kopo moja.

Wenye mashua za kisasa, ambazo usukani wake ni wa plastiki ngumu na mhimili wake ni wa chuma kisichoshika kutu, wasidhani kwamba haya hayawahusu. Chuma hicho hujilinda kwa utando mwembamba sana ambao hutengenezwa na hewa. Maji yakipenya pale mhimili unapoingia katika usukani, yakakaa humo bila hewa, utando hufa na chuma huoza ndani kwa ndani, hasa penye maungio yaliyochomelewa. Dalili ni tone la rangi ya chai litokalo katika ufa siku ya pili baada ya kuvutwa nchi kavu. Kwa mashua zote, kana iliyoanza kuwa nzito, na kana iliyokuwa nzito ikawa nyepesi bila sababu, zote mbili ni barua. Ya pili ni ya haraka zaidi.

Imebaki kazi yetu sisi wa kalamu, na hapa natoa shauri rasmi lipigiwe kura. Daftari la mashua lina safu ya tarehe, ya kazi iliyofanywa, ya gharama na ya sahihi. Naomba iongezwe safu moja yenye maneno haya: Usukani umetolewa, na kipimo cha pini. Kipimo kiandikwe kwa milimita, juu na katikati. Fundi ambaye hakuutoa usukani hataweza kuijaza safu hiyo, na karani atakayeiona tupu atakuwa na haki ya kurudisha hati ya malipo bila kugombana na mtu. Yasemwa kwamba jambo hili litachelewesha mashua siku mbili kila mwaka. Ni kweli, litaichelewesha. Kwa hiyo napendekeza ziwe siku mbili za mwezi wa Aprili, kabla ya mwera, wakati ambapo mvua huzuia safari nyingi hata hivyo.

Mwenzetu wa ghala ataniunga mkono au atanipinga, nami niko tayari kwa yote mawili. Pini niliyoitaja nimeileta, iko juu ya meza ya Bwana Katibu pamoja na uzi, ili kila atakaye aipime mwenyewe kabla ya kura.